Nimeficha kadi ya gari la marehemu, na mwanangu anaitafuta

Manundu, Korogwe
Jumatatu, 5 Mei 2025

Kwa Bi Hamisa Mhina,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi habari za kazi. Mpendwa mshauri, nakuletea jambo langu nikiomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya tarehe 24, kwa sababu siku hiyo mwanangu anakuja kutoka Handeni akiwa na wakala wa magari ili nitie sahihi, na nikishatia sahihi gari la marehemu mume wangu linaondoka uani kwangu na sitaliona tena. Wengi wanaokuandikia huomba majina yao yafichwe. Mimi naomba uliandike la kwangu kama lilivyo, maana nimeshaficha kitu kimoja mwaka huu na hicho kimenitosha.

Naitwa Asnath Mdoe, nina miaka hamsini na tisa, niliishia darasa la saba, na mume wangu Abraham alifariki miaka miwili iliyopita. Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha mkonge kule Ngombezi, na alipoacha kazi alichukua kiinua mgongo chake akanunua pikapu ya Toyota iliyokwisha kutumika, watu wakamcheka wakamwambia mwenzako angeongeza chumba, yeye akawajibu kwamba chumba hakiwezi kukupeleka hospitali. Pikapu yenyewe ni namba A, na wewe unajua magari yanayoingia mjini siku hizi ni namba E, kwa hiyo umri wake kila mtu anausoma kwa nyuma bila kuuliza. Kichwa cha gia kilipasuka zamani, Abraham akasokota kamba ya katani akakizungushia fundo juu ya fundo, na mpaka leo nikishika gia nashika kazi ya mikono yake. Alinifundisha kuendesha nikiwa na miaka arobaini na tisa, kwenye barabara za shambani katikati ya mistari ya mkonge, akasema hapo nikikosea nitachomwa miiba mimi mwenyewe na sitamgonga mtoto wa mtu.

Asubuhi aliyozidiwa mimi ndiye niliyempeleka. Pikapu iliwaka mara ya kwanza, na tulipokuwa njiani alinigusa mkono akasema, "Gia ya pili usiilazimishe, Asnath, isubiri." Wenzangu waume zao huwaachia maneno ya shamba na ya watoto, wangu aliniachia gia ya pili, maana baada ya hapo hakusema neno jingine nililoweza kulielewa.

Tangu hapo gari hilo ndilo linanilisha. Jumanne na Ijumaa napanda Kwashemshi kuchukua parachichi na ndizi za akina mama, mmoja wao rafiki yangu Shida ambaye hupanda mbele pamoja nami, tunashusha mzigo sokoni Korogwe, na safari nyingine kunakuwa na mbuzi wa mtu, na safari nyingine kunakuwa na mgonjwa, na sijawahi kumwambia mgonjwa asubiri basi.

Sasa mwaka huu maneno yamezidi. Mwezi wa pili tulikuwa na kikao cha harusi, nikaegesha nje ya ukumbi kati ya magari ya wanakamati, na wifi yangu Paulina, dada yake marehemu, akasimama mlangoni akasema kwa sauti, "Wifi, hilo gari mwizi akiliiba atarudi kukuomba nauli." Watu walicheka na mimi nikacheka, kwa kuwa Paulina ana ulimi na alimpenda kaka yake, lakini nilipofika nyumbani nililiosha gari lile mara mbili.

Mwanangu Clinton ana miaka thelathini na moja na anaishi Handeni. Maisha aliyaanza na bodaboda ya mkataba, akawa anampelekea mwenye pikipiki pesa yake kila siku, mwaka na miezi ikapita, mkataba ukaisha na pikipiki ikawa yake. Leo anazo tatu na amezitoa kwa mkataba uleule. Ni mtoto mzuri, nisije nikakuandikia nusu. Tangu baba yake aondoke hunipigia simu kila jioni kuuliza kama nimekula, na nikichelewa kupokea hupiga tena na tena mpaka nipokee. Jumatatu ya Pasaka alikuja na kijana nadhifu anayeitwa Sadala, wakala wa kampuni ya magari, na nyuma yao gari dogo jeupe ambalo viti vyake bado vilikuwa na nailoni.

"Mama shikamoo. Nimekuletea mgeni, na mgeni kaleta gari," Clinton akasema.

"Marahaba. Karibuni. Gari nalo linakula?"

Sadala akacheka akanifungulia mlango nikae. "Mama yangu, hili si mtumba, ni jipya. Unalipa laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi thelathini na sita, huduma ya gereji juu yetu. Pikapu yako tunaipokea kama kianzio. Unatoa funguo, unapokea funguo."

"Linanukia nini humu?"

"Upya, mama."

"Na likishanukia mbuzi?"

Akacheka tena. Clinton hakucheka. "Mama, huu ni mkataba kama wangu wa pikipiki. Unalipa, unalipa, unamaliza. Nusu nitalipa mimi."

"Na hili la baba yako?"

"Lishamaliza kazi yake. Baba mwenyewe angekuwepo angeshaliuza."

"Baba yako angekuwepo, hayo maneno usingeyasema ukiwa umeligeuzia mgongo gari lake."

Akageuka akaliangalia, kisha akaangalia chini, nami nikajuta, lakini maneno sikuyarudisha. Waliniachia nakala ya karatasi, kurasa nne za Kiswahili, nami nimezisoma mara tatu kwa miwani ya marehemu. Kilichonishangaza ni kidogo tu, kwamba humo naitwa mpangaji, mpangaji atalipa, mpangaji atatunza, mpangaji atarejesha, wakati mimi nina nyumba yangu tangu mwaka 1998, nikadhani labda wamechukua karatasi ya kupangisha nyumba wakabadilisha maneno machache. Pana mahali pengine wamesema gari lisibebe mizigo ya biashara, na uchakavu usio wa kawaida utalipiwa, nikajua Sadala hakucheka bure. Nilimsomea Clinton kwenye simu akasema hayo ni maneno ya kujazia karatasi, mama, kila mkataba una yake.

Hapo ndipo ninapofika kwenye dhambi yangu. Sadala aliomba kadi ya gari, nami nikasema sijui baba yenu aliiweka wapi. Nilisema hivyo nikimtazama mwanangu usoni. Bi Hamisa, walipekua nyumba yangu siku nzima, wakashusha masanduku, wakageuza godoro, Paulina akaja kusaidia na kusali, na kesho yake Clinton akaenda polisi akakaa huko mpaka saa nane mchana akarudi na taarifa ya upotevu imepigwa mhuri, akanipa maji ya kunywa akaniambia usijali mama, kitu kikipotea si kosa lako. Kadi wakati wote huo ilikuwa jikoni, ndani ya debe la mahindi, imefungwa kwenye nailoni. Kila nikichota mahindi ya kusaga napitisha mkono kuona kama ipo.

Sikuificha kwa kuwazuia tu. Kanisani kwenye daftari wameshaandika marehemu, laini yake ya simu imefungwa, benki wamefunga, hata kwenye mchango wa mtaa sasa wanaandika Mama Clinton. Ile kadi peke yake bado inasema mmiliki ni Abraham Mdoe. Haisemi marehemu. Nikaona nikiitoa tu, watalifuta jina lake na hapo.

Sitaki kukuficha na hili, ingawa si kubwa. Mwezi wa tatu wakati wa mvua tulikuwa tunateremka Kwashemshi, mimi na Shida, breki zikawa laini nikaligongesha gari kwenye tuta la barabara likasimama, parachichi zikamwagika, hakuna aliyeumia. Clinton nilimwambia ni utelezi. Fundi wangu Twaha, ambaye gereji yake iko karibu na reli, aliliangalia akasema, "Mama Clinton, injini hii itatuzika wote. Ila breki zitatuzika mapema." Ana maneno ya kuchekesha sana yule kijana. Alitaka laki nne abadilishe kila kitu, nikamwambia azikaze kwanza.

Basi ndiyo hali. Nisipotia sahihi mwanangu ataona nimechagua chuma nikamwacha yeye, na nikitia sahihi nitakuwa nimemtoa Abraham nje ya geti kwa mkono wangu. Nakuomba ushauri, lakini nikuambie kweli, moyoni nimeshakataa. Nimetii baba, nimetii mume, nimetii wenyeviti wa mitaa watano. Wanaonicheka kwa namba A ndio wanaonipigia simu mtoto wao akipata degedege, na sijamsikia hata mmoja akisema mama usije na hilo, njoo na jipya. Sitaki gari ambalo lazima nimwulize mtu kama mbuzi anaruhusiwa. Kama kukataa ni ukaidi, basi umenifika uzeeni, nao wautumie uvumilivu walionifundisha mimi.

Clinton akiisoma hii gazetini, aisome.

Nikumbuke katika dua zako Jumamosi hiyo, nami nitakukumbuka katika sala zangu.

Asnath Mdoe

*

Bi Hamisa anajibu

Marahaba, Asnath. Nimekuzidi miaka mitatu, kwa hiyo nitasema kama dada, na dada ana ruhusa ya kugomba.

Pole kwanza. Miaka miwili si mingi, na anayekuambia ni mingi hajafungua kabati la nguo za mtu aliyeondoka. Nimekusoma mpaka kwenye kamba ya katani nikaweka barua chini kidogo. Sasa nimeishika tena, na sikuachii.

Tuanze na karatasi. Mimi ni mzaliwa wa Handeni, na neno lililowapoteza nalijua vizuri. Kwetu sisi, Handeni na Korogwe, mtu akisema amechukua chombo kwa mkataba, wote tunaelewa kwamba atalipa, atamaliza, na siku ya mwisho chombo ni chake. Ndivyo Clinton alivyopata pikipiki, na ndiyo maana hakusoma. Alilisikia neno analolijua akafunga masikio. Wewe mwenye darasa la saba ulisoma mara tatu, ukaona neno sahihi, kisha ukajidharau ukadhani wamekosea kuandika. Hawakukosea. Wamekuita mpangaji kwa sababu ni mpangaji. Atalipa, atatunza, atarejesha. Tangu lini mpangaji akimaliza miaka mitatu akapewa nyumba?

Baada ya miezi thelathini na sita unarudisha gari jeupe likiwa safi, na kama mbuzi ameacha harufu unalipia harufu. Wakati huo mtakuwa mmetoa milioni tisa, na pikapu mmeshaitoa siku ya kwanza. Unarudi Manundu kwa miguu. Tena hapo katikati umekatazwa kubeba mzigo wa biashara, sasa niambie hiyo laki mbili na nusu ingetoka wapi ikiwa parachichi hazipandi? Ungelipia gari kwa pesa ambayo gari lenyewe linakukataza kuitafuta.

Sisemi kampuni ni wezi. Wameandika wazi, na kwa mtu wa ofisini anayetoka kwake lami mpaka kazini lami, asiyetaka kusumbuka na mafundi, huenda ni mpango mzuri na nisingemzuia. Wewe si mtu huyo. Kataa, na usiombe radhi kwa kukataa. Gari la kuonwa na wanakamati hulihitaji. Unahitaji la kupanda Kwashemshi Jumanne na Ijumaa.

Umefurahi? Usifurahi bado.

Umeandika habari ya breki kama mtu anayepita nje ya msiba wa jirani akiharakisha hatua. "Ingawa si kubwa." Asnath, rafiki yako alikuwa amekaa kiti cha mbele. Twaha hakuwa anachekesha. Fundi wa kwetu akiona mama wa watu hataki kusikia, humwambia ukweli kwa mzaha ili asimvunjie heshima, na wewe umechukua mzaha ukaacha ukweli. Unasema ndani ya lile gari kuna mikono ya Abraham. Mume wako alikuwa fundi mitambo. Unadhani angeruhusu mke wake ateremke mlimani kwa breki zilizokazwa kwanza? Huyo Abraham unayemtunza kwenye debe, umemsahau kwenye breki.

Kwa hiyo tangu leo pikapu haitoki uani. Si kwa mgonjwa, si kwa parachichi, si kwa mbuzi. Jumanne na Ijumaa wenye mizigo wakodi gari jingine, na wanaokupigia simu ya degedege waambie ukweli wapige simu kwingine mpaka Twaha amalize. Hiyo laki nne ni chini ya miezi miwili ya gari jeupe. Kama huna, mwambie Clinton ile nusu aliyotaka kumlipa Sadala amlipe Twaha, mara moja na basi. Ukishindwa hata hilo, hapo nakubali maneno ya mwanao, gari limemaliza kazi yake, na utaliuza mwenyewe kwa bei yako ukiwa umelishika mkono.

Sasa Clinton. Unadhani ana aibu na namba A. Labda ana aibu kidogo, ni kijana. Lakini mtoto anayepiga simu kila jioni kuuliza kama mama amekula, na usipopokea anapiga tena na tena, hasumbuliwi na namba ya gari. Alishapokea simu moja kuhusu baba yake. Anaogopa ya pili. Na habari ya tuta ameshaisikia, usijidanganye, Kwashemshi hakuna parachichi linalomwagika bila Handeni kujua. Alikusubiri umwambie, ukamwambia utelezi. Ndipo akaenda kutafuta gari. Ninyi wawili mnaogopa kitu kimoja na kila mmoja amekificha kivyake, yeye kwenye kurasa nne, wewe kwenye mahindi.

Na hilo la mahindi sikuachii hata kidogo. Umemwacha mwanao aende polisi aseme kitu kimepotea wakati unakichota kila siku unapokwenda kusaga. Aliyetia sahihi ile taarifa ni yeye. Angeendelea na hatua ya pili, akaomba kadi nyingine kwa karatasi hiyo, shida ingekuwa yake, na wewe ungekuwa jikoni. Kumpenda marehemu si sababu ya kumweka aliye hai mashakani.

Fanya hivi. Usingoje Jumamosi ya tarehe 24. Mwite Clinton kabla, peke yake, bila Sadala na bila wifi. Mpikie. Akishakula toa debe, toa kadi, iweke mezani, mweleze yote, na utelezi pia. Huenda akatoka nje akakaa huko kwa muda. Usimfuate, usimlilie, usimlazimishe. Msubiri. Hilo ulishafundishwa na mtu aliyelijua vizuri.

Akirudi ndani msome karatasi pamoja, neno mpangaji mlipigie mstari kila linapotokea. Kesho yake nendeni wote wawili polisi mkaseme kadi imeonekana. Mkiulizwa ilikuwa wapi, sema wewe, mahindi ni yako. Kisha mpigieni Sadala mumuulize swali moja tu, kwamba baada ya miezi thelathini na sita kadi ya gari jeupe itasoma jina la nani. Clinton asikilize jibu kwa masikio yake. Hapo hutahitaji kubishana na mtu.

Limebaki gumu kuliko yote, na nimeliweka mwisho kwa sababu najua utataka kuliruka. Ile kadi haiwezi kubaki kama ilivyo. Gari lenye jina la marehemu halina wa kulitetea. Leo mwanao mwema amelitaka kwa nia njema, kesho atakuja asiye mwema, na wewe mbele ya sheria utakuwa mama aliyeketi kwenye gari la mtu mwingine. Itisheni kikao cha ukoo mchague msimamizi wa mirathi, na pendekeza jina lako kwa mdomo wako mwenyewe. Chukueni muhtasari na cheti cha kifo mwende Mahakama ya Mwanzo. Wifi Paulina mpe kiti cha mbele, na akianza na mwizi wake wa nauli mwambie mwizi mwenyewe nusura aje na kurasa nne. Ukishapata barua ya mahakama, kadi ibadilishwe isome Asnath Mdoe.

Najua unachokiogopa. Kabla hujaipeleka nenda kwa wapiga picha wa stendi watoe nakala ya rangi, pande zote mbili, uiweke kwenye fremu karibu na picha yake. Hapo hakuna wa kumfuta. Lakini kile kinachotembea barabarani kina breki, kina bima, na kina mtu wa kujibu. Umetii baba, mume na wenyeviti watano, umeniambia, na sasa unataka kukataa. Nakuunga mkono kwa mikono miwili. Ila mpaka leo umekataa kwa kujificha nyuma ya jina la Abraham, na yeye amepumzika, hawezi tena kukukatalia mambo. Safari hii kataa kwa jina lako.

Dua umeiomba na utaipata, Jumamosi hiyo na kabla yake. Na siku utakayopandisha Kwashemshi na breki mpya, kadi ya jina lako ikiwa kwenye droo ya gari, ukifika kwenye lile tuta piga honi mara mbili. Ya kwanza ni ya Abraham. Ya pili, unikumbuke.